Uzi kwenye Bomba la Shemeji

Bibi alichomeka kidole kwenye udongo, chini ya mzabibu wa mpakani, akashangaa kikitoka na tope.

Tope la nani? Zamu yake ya maji ya mto ilipita siku tisa nyuma. Shamba zima lilikuwa limenyong'onyea, na zilibaki wiki mbili kabla ya mavuno. Mstari huu peke yake ndio uliosimamisha majani kama masikio ya sungura.

Tone likamwangukia mkononi. Lilitoka kwenye bomba jembamba la jirani, lililoning'inia juu ya mpaka. Jirani huyo ni mdogo wa marehemu mumewe, na tangu wagombanie mpaka huo, mwaka wa pili sasa, walikuwa hawasemezani.

"Shemeji!" aliita. "Bomba lako linavuja."

Mzee hakuinua kichwa kwenye mizabibu yake. "Bomba zee hilo. Kama mwenyewe."

"Linavuja kila penye shina langu?"

"Uzee hauchagui pa kuvujia."

Bibi akalipapasa bomba taratibu. Kila tundu lilikuwa la mviringo, limetobolewa kwa msumari wa moto. Na kwenye kila tundu palifungwa uzi mwekundu, ili tone lisitambae na bomba, lidondoke pale pale shinani.

Aliuvuta uzi mmoja kidogo, akauviringisha kidoleni. Ulikuwa wa sufu. Ulitoka kwenye lile sweta alilomfumia shemeji yake, enzi zile za kusalimiana.

"Na baridi ikija," alisema, "utavaa nini, mjinga wewe?"