Alama ya Chaki

Mke wa mwanawe alipomnyooshea kichanga cha siku nane, bibi alirudi nyuma hadi akagota kwenye cherehani yake.

Miezi tisa alikuwa akimsubiri mjukuu huyu, na leo mdomo umemchezea shere: malengelenge matatu pembeni, meupe kwa dawa.

"Mama, humtaki?" mkwe aliuliza.

"Nimtake nani mwingine, mwanangu? Ni huu mdomo. Napaka krimu mara tano kwa siku, nanawa mikono kabla na baada. Lakini mfamasia kasema bado naambukiza, na kwa kichanga ugonjwa huu si mchezo. Kumbusu hata unyayo ni marufuku, mpaka vidonda vipone kabisa."

Mkwe akashusha pumzi, kisha akacheka. "Sasa mbona umeshabinua midomo kama wa kumbusu?"

Bibi akairudisha midomo upesi. Akanawa mikono tena kwa sabuni, akaomba kofia ya mtoto, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa na kuchora kiduara kwenye kofia, pale panapokaa juu kidogo ya sikio.

"Fundi huweka alama kwanza; busu langu litatua hapo nikipona," alisema, akimrudishia. "Hiyo kofia usiifue."