Kidole Upande wa Kulia

Zamda alikuwa akikaza skrubu ya mwisho nyuma ya kioo kidogo cha kugusa pale kaka yake, Mbwana, alipoingia bila hodi. Mama yao, aliyepoteza kauli kwa kiharusi, aliketi akitazama maneno mawili kiooni: NDIYO kushoto, HAPANA kulia.

"Bado unachezea nyaya, mdogo wangu? Mama ameshakubali nyumba iuzwe. Alinibana mkono."

"Mkono huo humbana kila anayeushika, kaka. Muulize sasa."

Mbwana aliguna, akainama. "Mama, tuuze?"

Kidole cha Mama kilisafiri kikitetemeka, kikatua juu ya HAPANA. Kioo kikawaka NDIYO.

"Haya," alisema Mbwana.

"Ngoja. Waya ulikuwa unamchoma mapajani, nikakipindua kioo juu chini. Picha nimeigeuza, mguso bado. Ukigusa kulia, chenyewe kinasoma kushoto. Na wewe umeona alipogusa."

"Nimeona kilichoandikwa. Chombo si chako?"

Akatoka. Zamda alivuta kibodi, akaandika amri ya kugeuza mguso, akakosea. Akarudia, akakosea tena. Hasira ilikuwa imeshuka mpaka vidoleni.

"Nitakirekebisha kesho alfajiri, Mama, kabla hajamleta mnunuzi," alisema, akachomoa umeme.

Nje, Mbwana alikuwa akimwambia mtu kwenye simu, "Amekubali mwenyewe."

Kioo kilikuwa cheusi. Mama aliendelea kukigonga kwa ukucha, upande wa kulia, taratibu, bila kuacha.