Ngiri na Mwendo Uleule

Ngiri mwenye shuku alikuwa na rafiki mmoja tu duniani, Punda Milia mpole. Mwaka wa ukame walishika njia pamoja kwenda kwenye mto wa mbali. Asubuhi walikwenda wakipiga soga. Jua la utosi lilipowaka, Ngiri akaanza kuhema.

"Mbona umeongeza mwendo?" alifoka. "Unataka kuniacha!"

"Mwendo ni uleule, ndugu yangu. Ni joto tu linalokuelemea. Tupumzike kivulini."

"Mwongo wewe! Nenda zako, sikuhitaji."

Punda Milia alimsihi mara tatu, akafukuzwa mara tatu. Mwishowe akaenda zake, kichwa chini.

Ngiri alijitupa kivulini akalala. Alipoamka, jua lilikuwa limepoa na miguu yake ilikuwa myepesi ajabu. Alifuata nyayo za mwenzake. Zilikuwa za mwendo wa taratibu kabisa, na kila baada ya hatua chache Punda Milia alikuwa amesimama akageuka nyuma kumngojea.

Ngiri akakimbia akimwita, lakini nyayo zikapotelea kwenye miamba. Kesho yake alifika mtoni, asimwone Punda Milia popote ukingoni, akanywa akashiba. Maji yalikuwa matamu, ila hakuwa na wa kumwambia.