Ua la Kwao

Bibi Pimbi alizaliwa juu kileleni, akaolewa chini bondeni, na hadi uzeeni hakuacha kuliulizia ua jeupe la kwao. Siku moja akamtuma Chozi, ndege mvivu kupindukia, akamletee. Chozi aliogopa baridi ya huko. Akachuma ua jeupe lolote nyuma ya jiwe la bibi huyo huyo, akashinda kivulini, kisha akarudi akijihemesha.

"Shika, bibi. Limetoka kwenu."

Bibi akalinusa, machozi yakamtiririka. Chozi akacheka moyoni.

"Ahsante, mjukuu wangu," akasema bibi. "Ila ua la kwetu halina harufu."

Chozi akanywea. "Sasa unalilia nini?"

"Umesema 'kwenu'. Tangu afe mume wangu, bonde zima limesahau kwamba nami nina kwetu."