Aliyetumwa Jino

Uongo wenyewe Hedley aliutoa bila hata kugeuza shingo.

"Hapa pakavu, ndugu yangu," alimwambia yule mgeni wa kofia nyekundu. "Tangu alfajiri ndoana yangu haijaguswa. Ukitaka samaki nenda Jino, ule mwamba nyuma ya kilima. Huko wanajileta wenyewe."

Miguuni pake, chini ya gunia bichi, samaki bapa wenye madoa ya rangi ya chungwa walikuwa bado wanapigapiga mikia. Mgeni alilitazama gunia, akamtazama Hedley, akashukuru vizuri tu, akabeba vifaa vyake vipya vinavyong'aa na kuondoka.

Msimwone Hedley mtu mbaya. Kwenye ukuta wa bandari ya Porthkerra hakuna mvuvi anayesema kweli, hasa mwezi wa nne, baridi inapoanza kuachia na samaki kurudi karibu na pwani. Ukiulizwa wako wapi, unataja mahali wasipo. Na aliyeuliza, kama ni mvuvi, anajua kwamba hapo ndipo pa kutokwenda. Ni adabu tu, kama kusalimiana. Baba yake Hedley aliwatuma watu Jino maisha yake yote, na babu yake vilevile, kwa sababu pale hajawahi kupatikana samaki wa maana.

Wella, rafiki yake waliyezeeka naye pale ukutani, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka.

"Lakini yule, na vifaa vile," alisema, "una hakika anaujua mchezo wetu?"

Hedley alimkumbuka Simon, mume wa binti yake Tegen, mtu wa bara aliyehamia kwao baada ya harusi. Simon naye alikuwa amenunua vifaa vinavyong'aa hivyo hivyo, na kila jioni mezani alimhoji mzee kuhusu uvuvi mpaka chakula kikamshinda. Lolote aliloambiwa aliliamini. Ndiyo maana Hedley hakutaka kabisa kuja naye ukutani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia nenda Jino, anakwenda Jino.

Upepo ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka magharibi. Hedley akayatazama maji, na roho ikamruka. Leo ilikuwa bamvua, siku ya maji kujaa kupita kawaida. Siku za bamvua maji huzunguka nyuma ya Jino kwanza, yakamfungia mtu njia kabla hajajua kitu, halafu mawimbi ndiyo humaliza kazi. Hilo Hedley alilijua tangu utotoni, na wakati anafungua mdomo wake halikumjia hata kidogo.

"Nimemuua mtu, Wella," alisema.

Wella akamwambia asijitie presha, huenda jamaa kaishia mgahawani anakunywa chai. Lakini Hedley alikuwa ameshaacha fimbo ya kuvulia na ndoo, anapanda kilima na goti lake bovu. Njia nzima alikuwa akijilaani. Samaki wanne! Kwa ajili ya samaki wanne amempeleka mtoto wa watu majini. Alimwomba Mungu, yeye ambaye alikuwa hajakanyaga kanisani tangu amzike mkewe.

Alipofika juu, Jino halikuonekana. Palikuwa na povu tupu, na ndani ya povu sanduku jipya la vifaa vya kuvulia, maji yakilizungusha. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Kisha akapiga simu kwa watu wa mashua ya uokoaji, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema kweli: mwanamume, kofia nyekundu, mimi ndiye niliyemtuma.

Aliteremka huku analia, wala hakujificha. Mashua ilikuwa inatoka kwenye lango la bandari alipofika ukutani. Na pale, mahali pake mwenyewe, kando ya Wella, alisimama mtu wa kofia nyekundu akivuta samaki bapa mkubwa kuliko wote wa asubuhi ile.

Hedley alimkumbatia kwa nguvu, samaki na yeye. Mgeni alishangaa, halafu akaelewa, akaona haya kidogo. Akaeleza kwamba yeye ni mvuvi wa bandari za kaskazini, vifaa vyake vya zamani viliibwa, na kwao nako mambo ndiyo hayo hayo. Aliposikia Jino alijua samaki wako hapa hapa, basi akaenda zake kunywa chai akingoja nafasi ipatikane.

Kumbe. Na lile sanduku, basi, ni takataka tu za baharini. Hedley alitoa simu, akawaambia wale wa mashua warudi, mtu wake amempata, na wamsamehe kwa usumbufu. Mashua ilisitasita kidogo juu ya mawimbi, kisha ikageuka.

Alikaa juu ya jiwe. Alicheka, akajifuta macho, akacheka tena.

"Umenitia adabu," alimwambia mgeni. "Sitamtuma mtu Jino tena mpaka nife."

"Mimi mwenyewe leo nimeshamtuma mmoja," mgeni alisema, akitia chambo kwenye ndoana. "Kijana fulani alinisimamisha pale ukuta unapoanzia, anatafuta pa kuvua bila kumuudhi mtu. Nikamwambia Jino. Akauliza nani kasema, nikakuonyesha wewe. Alifurahi huyo! Akasema, 'Kama ni baba mkwe, basi ni kweli,' akashika njia."