Alama ya Ndani

Mboje alikuwa meneja wa chama cha ushirika cha pamba mpaka kilipokufa. Soko huria lilipoingia Bariadi, akafungua kampuni yake ya kununua pamba, na kompyuta za chama hazikuonekana tena.

Leo wanachama wa zamani walisimama mlangoni kwake. Mimi, fundi wa kompyuta waliyemleta kutoka Mwanza, nilikaa mbele ya mashine iliyokuwa mezani kwake.

"Mpya hiyo, nimeitoa Dubai," alisema Mboje. "Kagua utakavyo."

Ubavuni palikuwa pamesuguliwa kwa msasa hadi bati likang'aa. Ndipo ilipokuwa namba ya chama. Mtu mzima, tai shingoni, anaficha kompyuta kama anayechoma alama mpya juu ya ngozi ya ndama wa wizi.

Hakujua kwamba mashine ina alama nyingine, iliyoandikwa siku chama kilipoinunua kwenye kumbukumbu ya ubao wake wa ndani, na kwamba mfumo endeshi, programu kuu ya kompyuta, humsomea alama hiyo yeyote anayeuliza.

Niliandika amri moja. Mistari ikashuka: mtengenezaji, mwaka, kisha jina la chama kwa herufi kubwa.

Nikageuza kioo cha kompyuta kuelekea mlangoni.

"Hiyo nini?" akauliza Mboje.

"Sogea kidogo, bosi. Unawaziba wenye mali."