Mstari wa Arobaini na Moja

Saa mbili na robo asubuhi kompyuta ilitema jibu: nyuzi joto mia moja hamsini na tatu. Hidrojeni imegoma tena kutoka.

Bibi Namba, kama walivyomwita pale idarani, aliinamisha kichwa mezani. Kazi yake ilikuwa kutafuta, kwa hesabu tupu, metali inayoweza kuibana hidrojeni ndani yake kama tangi la gari, kisha kuiachia ikipashwa moto kidogo. Kidogo maana yake chini ya nyuzi mia. Mkataba ulikuwa mfupi: bila namba hiyo hakuna shahada, na bila shahada haondoki. Huu ulikuwa mwaka wa sita.

Simu ikaita. Dada yake.

"Mdogo wangu, mama leo kaniuliza, yule wa kwenye simu ni nani?"

"Mwambie nakuja."

"Nimechoka kumwambia."

Alipokata simu, mwalimu wake alichungulia mlangoni, kikombe mkononi.

"Mwanangu, mtetemo umeuhesabu?"

Swali lile lile la kila Jumatatu. Hidrojeni ni nyepesi mno, haitulii hata kwenye baridi kali, na kutotulia huko huisaidia kutoka.

"Umo kwenye faili, mwalimu. Umo tangu siku ya kwanza."

"Basi metali hiyo ni bahili kama mjomba wangu. Tujaribu nyingine. Na bila wewe, mashine hii ningeifanyia nini?" Akacheka, akaenda zake.

Maneno yale ya mwisho hayakumtoka kichwani. Pale idarani hakuna aliyeandika faili jipya la maagizo ya kompyuta. Ulichukua la jana, ukabadilisha jina la metali, ukaendelea na kazi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alilisoma lote, kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Wa arobaini na moja ulikuwa wa mtetemo. Mwanzoni mwake palikuwa na alama ndogo ya reli (#), na alama hiyo huiambia kompyuta: ruka.

Akaifuta, akaanza hesabu upya. Baada ya saa tatu jibu likaja: nyuzi themanini na moja.

Hakufurahi. Nywila ya mafaili yale walikuwa nayo watu wawili tu, yeye na mwalimu.

Alimkuta mwalimu akifuta miwani.

"Umenifunga miaka sita," alisema, "ili usibaki peke yako. Mama yangu kanisahau!"

Mzee alisikiliza habari ya ile alama mpaka mwisho, kisha akamvutia kiti. Sheria yake ya kwanza idarani ilikuwa kwamba kila anayegusa mstari aandike jina, tarehe na sababu, na kompyuta haikufuta hata neno moja la kumbukumbu hizo.

"Sijui ni nani, mwanangu. Fungua mwenyewe tusome."

Akaanza kurudi nyuma: mwaka jana, mwaka juzi, faili lililozaliwa na faili, hadi lile la kwanza kabisa. Tarehe ilikuwa Ijumaa ya juma lake la kwanza kazini. Jina lilikuwa la Bibi Namba mwenyewe.

Na sababu: "Mashine inakwenda polepole. Nazima mtetemo leo tu, nitauwasha kesho."